Mchoro wa Mbwa, Kondoo na Mtu: Swali la Pili la Mtihani Wangu wa Kiingereza, Isiolo

Wakuu, salaam aleikum kwa wenye salaam, habari kwa wengine, na kwa Waturkana wenzangu, ejok.

Mimi humu huwa ni msomaji tu. Nasoma, nacheka, natoka. Leo naandika, na sitaongeza chumvi. Mpaka jana hakuna mtu nilikuwa nimewahi kumwambia hii story yote, hata mume wangu.

Nimestaafu ualimu. Nimefundisha Kiingereza karibu maisha yangu yote.

Kilichonichokoza ni lastborn wangu. Anajiandaa na ule mtihani wa Kiingereza wa watu wanaotaka kwenda kusoma ng'ambo. Wiki iliyopita akaniletea karatasi ina mchoro wa mvua: bahari, jua, mawingu, milima, mishale ikizunguka. Akaniambia, "Mum, hii process diagram inanishinda. Mtu anaanzia wapi?"

Nikamwambia anzia mshale wa kwanza, ufuate mpaka urudi ulipoanzia. Halafu nikaingia bafu, nikafungua maji, nikalia kama mtoto.

Sasa twende polepole.

Sisi ni Waturkana wa Isiolo. Baba alikuja mjini miaka ya hamsini, Mama alitokea upande wa Kipsing. Tulikaa nje kidogo ya Kiwanjani, manyatta yetu ikitazama barabara. Baba alikuwa anafanya kazi kichinjio, ya kupasua na kuosha matumbo. Tulizaliwa wengi, tukabaki wawili, mimi na dada yangu Akiru.

Akiru kwetu ni mvua. Alizaliwa inanyesha. Alinizidi miaka sita.

Hapa lazima nieleze kitu, na tafadhali msicheke. Kwetu zamani mtoto mchanga alikuwa na mbwa wake. Maji yalikuwa mbali, nepi hazikuwepo. Mtoto akichafua, mama anaita mbwa, mbwa anakuja analamba, mtoto anakuwa safi. Mbwa wa mtoto alikuwa anapendwa kuliko mbuzi. Alilala na mtoto, alimpa joto.

Akiru alilelewa na mbwa jike anaitwa Koplo. Mimi pia, kidogo, kabla Koplo hajazeeka. Baadaye tukawa na mtoto wake, naye tukamwita Koplo, hatukusumbuka kutafuta jina lingine.

Baba jioni alirudi na mfuko wa yale maini yaliyokataliwa kichinjio. Inspekta wa nyama akikuta ini lina vipira vya maji analitupa. Vile vipira vilikuwa vyeupe, vingine kama yai la kuku, vimejaa maji safi kabisa. Kwa wachinjaji halikuwa jambo. Karibu kila kondoo wa huko kwetu alikuwa navyo.

Maini hayo yalikuwa chakula cha Koplo. Na kazi ya kumlisha ilikuwa yangu.

Mimi na Akiru tulikuwa tunacheza navyo kwanza. Unachukua mwiba, unadunga, maji yanaruka fyuu! Tulikuwa tunashindana nani maji yake yanafika mbali. Halafu tunamtupia Koplo.

Haya. Nikaenda shule. Akiru hakuenda mbali, aliacha darasa la nne abaki nyumbani na Mama. Mimi nilipoingia sekondari alitafuta kazi ya kufua nguo kwa familia moja ya Wasomali wenye malori, watu wazuri, mjini. Kila term mimi nikirudi shule ni jasho lake. Na alikataa posa mbili. Wazee wa ile ya pili walikasirika sana. Akamwambia Baba, "Huyu akimaliza form four, niozeni hata kesho. Sasa hivi hapana."

Alikuwa na kiburi cha aina yake, Akiru. Alikuwa ananiambia, "Wewe soma. Usiniulize mambo ya nyumba."

Basi, mwanzoni mwa mwaka wangu wa form four, tumbo lake likaanza kutoka.

Mnajua kilichofuata. Msichana hajaolewa, anafanya kazi nyumba ya watu, tumbo linakuja mbele. Kuna cha kuuliza tena?

Mama alimuuliza kwa upole kwanza. "Ni ya nani?"

"Mama, sijalala na mtu."

"Akiru, mimi nimezaa. Naona."

"Basi unaona vibaya."

Baba hakumuuliza kitu. Aliacha kuongea naye, tu. Akiru akimwekea chai, anainuka anatoka nje, chai inabaki pale mpaka inashika ngozi juu. Hiyo iliendelea miezi. Nawaambia ukweli, hakuna kitu kilimmaliza dada yangu kama zile chai.

Na mimi je? Mimi pia sikumwamini. Nilimwambia usiku huo huo wa kwanza, "Si useme tu, watu wapoe?" Aliniangalia, akageukia upande wa pili. Nilikuwa mjinga, nilidhani elimu ya biolojia ya form three imenipa macho.

Mama alimpeleka zahanati fulani. Foleni ndefu, joto. Aliyekuwa zamu alimgusa tumbo juu juu, akamwandikia kadi ya wajawazito. Hata hakumlaza kitandani. Kutoka siku hiyo Akiru hakuwa na la kusema mbele ya mtu, karatasi ya serikali ilikuwa imeshasema.

Miezi tisa ikafika. Ikapita.

Mwezi wa kumi. Wa kumi na moja. Tumbo linakua, mtoto hachezi, uchungu hauji. Akiru anakonda mikono, uso, miguu, lakini tumbo ndilo hilo.

Sasa hapa ndipo kuna jambo ambalo watu wa mjini mtashangaa. Wamama wa kwetu hawakusema si mimba. Walisema mtoto amekataa kushuka kwa sababu baba yake hajatajwa. Mwanamke akificha jina, mtoto anajificha pia. Hiyo waliiamini kabisa, na si kwa ubaya, waliona wanamsaidia. Wanakuja wanakaa naye, wanambembeleza: "Taja tu mama, upone."

Wiki nzima hivyo. Taja. Taja.

Akataja.

Alimtaja dereva mmoja wa lori ambaye alikuwa amekufa kwa ajali mwaka uliotangulia, njia ya Marsabit. Nilipomfuata nje kumuuliza, akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyo hana mke, hana mtoto, na amekufa. Hakuna mtu ataletewa shida." Hata kudanganya alidanganya kwa adabu.

Jina likatajwa, mtoto hakushuka.

Ikabaki dawa moja. Mama Ekai, jirani yetu, ndiye alikuwa mkunga na mkandaji wa pale. Nusu ya watoto wa upande wetu walipita mikononi mwake. Alikuwa amemkanda Akiru mara mbili, pole pole, na mafuta. Sasa akasema mara ya tatu itabidi awe na nguvu, na wamama wawili wa kumshika, amsukume huyo mtoto kutoka juu mpaka chini. Akapanga siku, Alhamisi, jua likiwa kichwani.

Alhamisi hiyo hiyo asubuhi ndio ilikuwa English Paper yetu. Composition.

Asubuhi nikiondoka, Akiru alikuwa amekaa mlangoni, Koplo amelala miguuni pake. Alikuwa amenifulia uniform jana yake, akiwa katika ile hali. Akaninyoosha kola, akasema, "Usirudi mbio mbio kwa ajili yangu. Andika mpaka mwisho."

Kumbukeni hayo maneno. Mimi nimeishi nayo.

Mtihani ulifanyiwa dining hall, mabati juu, upepo wa Novemba unapiga vumbi dirishani. Saa tatu kamili tukaanza, tunamaliza saa tano na nusu. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu kabisa.

Swali la kwanza lilikuwa insha ya kawaida, nikaimaliza vizuri. Kama saa nne hivi nikafungua swali la pili.

"Study the diagram and describe the process in your own words."

Nikaangalia mchoro.

Mbwa. Chini ya mbwa, nyasi, na vidoti vidogo kwenye nyasi, vimeandikwa ni mayai ya mnyoo. Mshale. Kondoo anakula nyasi. Mshale. Ini la kondoo, na ndani yake vipira. Vile vile vyetu, wakuu, vyeupe, vya mviringo. Mshale. Mbwa anakula ini. Duara limefungwa.

Halafu pembeni kuna mshale mwingine, umetoka kwa mbwa, umeenda kwa mtu. Mtu amechorwa amesimama, hana uso, tumbo limetokeza, ndani ya tumbo kuna mfuko. Kando ya huo mfuko kulikuwa na maelezo mafupi ya Kiingereza: mfuko wa maji hukua polepole ndani ya ini, miaka mingi, na ukipasuka, maji yake ni sumu mwilini, mtu anaweza kufa.

Na kutoka kwa huyo mtu hakukuwa na mshale wowote. Wengine wote walizunguka. Yeye ilikuwa mwisho.

Nikamuona Koplo anamlamba Akiru uso. Nikaona mkono wangu unatupa ini. Nikaona mwiba, fyuu, maji. Nikaelewa yote mara moja: hakuna mtoto. Hajawahi kuwa na mtoto. Dada yangu alikuwa anasema ukweli mwaka mzima.

Na saa sita wanakuja kumkanda kwa nguvu.

Sasa ngojeni, hii sehemu ndiyo nimeikimbia miaka yote.

Nikaangalia saa. Saa nne na dakika kumi. Kutoka shule mpaka nyumbani ni mwendo wa nusu saa, ukikimbia ni chini ya hapo. Nikanyoosha mkono. Invigilator, mzee mmoja wa miwani, alitoka wilaya nyingine, akaja pole pole kati ya madawati. Nilikuwa nimejiandaa kusema, naomba kutoka, dada yangu atakufa.

Akainama. "Yes?"

Mdomo wangu ukasema, "Extra paper, please."

Akaniletea karatasi.

Haki ya Mungu, sijui yule aliyeongea alikuwa nani. Lakini ni mimi. Niliwaza: nikitoka sasa sirudi. Nikianguka Kiingereza cheti chote kimeanguka, na miaka minne ya kufua nguo za watu imeenda bure. Niliwaza: Mama Ekai alisema jua likiwa kichwani, nikimaliza saa tano na nusu nikimbie, nitamkuta bado. Niliwaza: nitamwambia Akiru mwenyewe, atafurahi, atasema si niliwaambia. Hesabu ilitoka vizuri. Ilikuwa hesabu ya mtu anayetaka kubaki kwenye kiti.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, Mmeru mmoja mkali lakini mwenye roho safi, alikuwa ametufundisha: kwa process hakuna mimi, hakuna wewe, hakuna majina, hakuna huruma. Unasema tu kitu kinafanywa, halafu kingine kinafanywa. Nikafanya hivyo hivyo. Maini yanaliwa na mbwa. Mayai yanamezwa na mtu. Mfuko unajaa. Mwandiko wangu siku hiyo haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linanitisha mpaka leo.

Nikamaliza. Nikarudia kusoma. Nikarekebisha koma mbili. Koma, wakuu!

Saa tano na nusu wakakusanya. Nikakimbia na soksi, viatu mkononi, maana vilikuwa vinanibana.

Nilipofika karibu na manyatta nikasikia wamama. Haikuwa sauti ya kulia. Walikuwa kimya wote kwa pamoja, na Koplo anabweka peke yake.

Waliamua kuanza mapema.

Mama ndiye alinisimulia, amekaa chini kwenye vumbi, mafuta ya kukandia bado mikononi. Mama Ekai alikuja saa nne hivi kupitia tu, ana mzigo wa makaa anapeleka sokoni. Akiru akamwita. Akamwambia, "Tuanze sasa hivi. Nataka mdogo wangu akirudi akute yameisha, asome ya kesho bila mawazo."

Ikachukua muda kuwaita wale wamama wawili, wakafika, wakamshika. Mama Ekai akakanda kutoka juu, akasukuma, akasukuma. Akiru aliuma kitambaa. Halafu ghafla tumbo likalegea, likawa laini. Mama Ekai akapiga kelele ya furaha, "Ameshuka!" Wamama wakaanza kupiga vigelegele. Mama alisema hata yeye alipiga.

Wakatazama chini, hakuna kitu. Hakuna mtoto, hakuna damu, hakuna maji.

Akiru akaanza kujikuna. Mikono, shingo, kifua. Akasema anawashwa. Midomo ikavimba, macho yakafunga. Akatapika. Akawa anavuta pumzi na haiingii. Haikuchukua muda mrefu, Mama alisema, chai ya kwenye moto ilikuwa haijachemka.

Nilipiga hesabu baadaye, sikuweza kujizuia. Mama Ekai alianza kukanda karibu na saa tano kasorobo. Kama ningetoka saa nne na dakika kumi, nikakimbia, ningemkuta Akiru mlangoni, amekaa na mbwa.

Baba alirudi kutoka kichinjio, begani ana ule mfuko wake wa maini. Akasimama pale. Ilikuwa mara ya kwanza karibu mwaka mzima namsikia akitaja jina lake. "Akiru," akasema. "Akiru, inuka tuongee." Alirudia hivyo mpaka watu wakamshika.

Baada ya mazishi niliwaambia wazazi wangu. Nikawachorea chini kwa kijiti: mbwa, nyasi, kondoo, ini, mtu. Baba akainama juu ya mchoro. Akauliza, "Kwa hiyo hakuwa na mimba?" Nikasema hakuwa nayo. Akauliza tena. Nikasema tena. Akafuta ule mchoro na mguu, akatoka.

Kuanzia hapo, kila jioni kichinjio, Baba alichimba shimo akazika maini mabovu, mpaka alipostaafu. Wenzake walimcheka, walimwita mchimba kaburi la maini. Koplo naye, Baba alimfunga kamba, hakumpa tena nyama mbichi, lakini hakumuua. Alisema mbwa hakujua.

Mama Ekai hakukanda tena mtu. Alikuwa anakuja kwetu kila asubuhi na maziwa, anaweka mlangoni, anaondoka bila kuingia. Sikuwahi kumchukia. Yeye hakujua pia.

Baba na Mama waliniuliza, haya mambo ya mnyoo umeyajua wapi? Nikasema mwalimu alinieleza baada ya mazishi.

Huo ndio uongo wangu. Wazazi wangu wamekufa wanaamini hivyo. Kwenye hii story yote, kuna mtu mmoja tu aliyejua na akakaa.

Matokeo yalikuja mwaka uliofuata. Kiingereza nilipata alama ya juu kabisa, ya kwanza shuleni kwetu. Mwalimu wangu alinipongeza mbele ya watu, akasema bila shaka ni lile swali la pili lililonipandisha. Kwa alama hiyo nikaenda chuo cha ualimu, kwa alama hiyo nikapata kazi, nikajenga, nikasomesha. Kila kitu mnachokiona kwangu kimetoka kwenye karatasi niliyoomba kwa yule mzee wa miwani.

Na kila mwaka darasani nilifundisha process. Mvua, kipepeo, mbu, chura. Wanafunzi wangu walikuwa wananiuliza kwa nini sipendi mchoro wenye mtu pembeni. Nilikuwa nasema unachanganya.

Somo? Kuna wale watasema peleka mgonjwa hospitali, chanja mbwa, mpe dawa ya minyoo, usimpe mbwa maini mabichi, nawa mikono. Sawa, ni kweli, fanyeni yote. Na mtu akikuambia jambo la mwili wake mwenyewe, mwamini kwanza, maswali baadaye. Lakini mimi somo langu ni dogo kuliko hayo. Ukishajua, inuka. Usimalize sentensi.

Nitasoma comments zote. Naomba tu msiniandikie ati "pole, haikuwa kosa lako, ulikuwa mtoto". Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na saa ilikuwa mbele yangu.

Jana nilimwita lastborn wangu, nikamwambia aweke ule mchoro wa mvua kando. Nikamwambia kwetu mvua inaitwaje, na nani alikuwa na hilo jina, nikamsimulia yote mpaka ile extra paper. Alilia sana, halafu akaniuliza swali, nawaletea ninyi.

Aliniuliza, "Mum, kama ni mimi ningekuwa pale mlangoni, ungeomba karatasi?"